Kueleza spishi mpya ya kaa wa baharini: kazi yote, kutoka mikokoni hadi jaridani

Kumpata kaa asiye na jina la kisayansi si jambo gumu kama watu wanavyodhani. Mwambao wetu, kutoka Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwa vyake, una mikoko, nyasi bahari na matumbawe ambayo bado hayajapekuliwa ipasavyo. Ugumu uko kwingine: kuthibitisha kwamba hakuna aliyekutangulia kumpa kaa huyo jina, kisha kuacha ushahidi ambao mtu mwingine ataweza kuushika mkononi na kuukagua hata miaka mia baada yako. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika mezani, kwenye hadubini na kwenye maandishi ya zamani, si ufukweni.

Nimemwandikia hasa mwanafunzi au mtafiti kijana wa sayansi ya bahari ambaye tayari ana kaa kwenye chupa, au anatarajia kuwa naye, na hajui aanzie wapi. Mifano nimeichukua kwa kaa wetu wenyewe. Wa kwanza ni kaa mdogo wa mikokoni aliyeelezwa mwaka 2004 na David Gillikin na Christoph Schubart kutoka Afrika Mashariki, wakamwita Perisesarma samawati. Anaishi katika mikoko ileile anamoishi ndugu yake Perisesarma guttatum, anayejulikana tangu 1869. Watu walipita juu ya spishi mbili kwa zaidi ya karne moja huku iliyoandikwa vitabuni ikiwa moja tu.

Vibali kwanza

Usikusanye hata kaa mmoja kabla ya karatasi kukamilika. Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ukitaka kuingia hifadhi za bahari kama Kisite, Watamu au Malindi utahitaji pia ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori. Tanzania Bara kibali ni cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na maeneo kama Mafia na Ghuba ya Mnazi yako chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti. Kama sampuli yoyote itavuka mpaka, hata kipande cha msuli kwa ajili ya DNA, Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inakuhusu: lazima kuwe na ridhaa na makubaliano ya maandishi kuhusu matumizi yake. Majarida mengi sasa huuliza namba ya kibali, na makumbusho makini hayapokei kielelezo, yaani mnyama aliyehifadhiwa kama ushahidi, kisicho na hati.

Kisha nenda kwa wavuvi na BMU, yaani kamati yao ya usimamizi wa ufukwe. Si kwa adabu tu. Anayechokoa pweza kila bamvua anajua kaa gani hutoka usiku, gani hukaa chini ya jiwe la upande wa mkondo, gani huonekana msimu wa kusi pekee. Muulize wanamwitaje, na andika jina hilo kama alivyolitamka. Litaingia kwenye makala yako.

Kumkusanya na kumhifadhi

Chagua maji ya bamvua, maana hapo bahari hupwa mbali na mashimo ya chini kabisa hubaki wazi. Kwenye mikoko, andika umemkuta ukanda gani: kwenye michu ya upande wa nchi kavu, katikati ya mikandaa, au kwenye mizizi ya mikoko inayotazama mkondo. Kaa wa mikokoni hugawana ukanda, na maelezo hayo yana thamani kuliko neno "mikokoni" peke yake.

Kusanya zaidi ya mmoja ikiwezekana: madume wakubwa, majike, wenye mayai na wadogo. Kaa mmoja hawezi kukuonyesha ni umbo gani la spishi nzima na lipi ni lake mwenyewe. Lakini usifagie shimo zima. Chukua unaoweza kuwafanyia kazi.

Usimtumbukize kaa hai kwenye ethanoli. Atahangaika na kujinyofoa miguu na magando, na utabaki na vipande. Mweke kwenye barafu, kisha kwenye friza, mpaka afe akiwa ametulia na viungo vyote. Akishakufa, chukua kipande cha msuli kutoka mguu mmoja wa nyuma, ukitumia wembe safi, ukiweke kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Hicho ndicho cha DNA. Kaa mwenyewe ahifadhiwe kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 75, ili viungo visikakamae kupita kiasi. Badilisha ethanoli baada ya siku moja, kwa sababu maji ya mwili wake huizimua. Fomalini iache: huharibu DNA.

Picha na lebo

Rangi hufa haraka. Wekundu na usamawati huyeyuka kwenye ethanoli ndani ya siku chache, na baada ya miezi kaa wote wa jamii moja hufanana. Kwa hiyo mpige picha angali hai au mara tu anapotoka kwenye barafu, akiwa ndani ya sinia la maji safi ya bahari yenye kina kidogo, juu ya kitambaa cheusi, ili mwanga usimetemete kwenye gamba. Piga mgongo, tumbo, uso kwa mbele, na kila gando kwa nje na kwa ndani. Rula iwe ndani ya picha. Kwa kaa wa mikokoni picha ya uso ni muhimu sana, kwa sababu ukanda wa rangi ulio chini ya macho ni moja ya alama zao wakiwa hai.

Lebo iwe ya karatasi nzito, iandikwe kwa penseli au wino usioyeyuka kwenye ethanoli, na iwe ndani ya chupa pamoja na kaa. Lebo ya kubandikwa nje hudondoka. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka na kukuachia karatasi tupu. Mfano wa lebo inayotosha:

Kenya, Kwale, Ghuba ya Gazi, mikoko ya michu upande wa nchi kavu. 4°25′ Kusini, 39°30′ Mashariki. Ndani ya shimo, maji yamepwa. Tarehe, mwezi na mwaka. Jina la mkusanyaji. Namba ya sampuli.

Viwianishi viandike jinsi GPS inavyovisoma, bila kuvikadiria. Namba ya sampuli iwe ileile kwenye kichupa cha msuli, kwenye picha na kwenye daftari. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja tu, DNA yako haitakuwa ya kaa yeyote anayejulikana.

Kumfikisha kwenye jenasi

Jenasi ni kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, na ndiyo neno la kwanza la jina la kisayansi. Sasa keti na hadubini. Pima upana na urefu wa gamba la mgongo kwa kalipa, kwa milimita. Tazama umbo la gamba, idadi ya meno kwenye ukingo wake wa pembeni, ukingo wa mbele kati ya macho, jozi ya nje ya vifuniko vya mdomo, na mkia uliokunjwa chini ya tumbo: pingili ngapi ziko huru, ngapi zimeungana. Mkia wa dume ni mwembamba, wa jike mpana. Ukitumia ufunguo wa utambuzi wa familia, yaani mfululizo wa maswali ya alama unaokuongoza hadi kwenye jina, alama hizi zitakufikisha kwenye jenasi.

Hapa kuna mitego ambayo wanaoanza huikanyaga sana. Kaa aliyepoteza gando huota jingine, na gando jipya huwa dogo na la umbo tofauti, kwa hiyo tazama magando ya kaa kadhaa kabla ya kusema lolote. Wadogo hawana meno na vinundu vya wakubwa. Gamba lililovimba upande mmoja huenda lina kimelea aina ya isopodi kwenye chumba cha matamvua. Mtego mbaya kuliko yote ni Sacculina na jamaa zake, vimelea ambavyo ni ndugu wa mbali wa kaa wenyewe. Humwingia kaa dume na kumgeuza mpaka mkia wake ukapanuka kama wa jike. Ukiona "jike" mwenye umbo la ajabu na uvimbe laini chini ya mkia pasipo mayai, usianze kuandika spishi mpya.

Kupekua majina ya zamani

Hii ndiyo hatua inayotenganisha kazi nzuri na kazi itakayofutwa. Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia mwaka 1758, toleo la kumi la kazi ya Linnaeus, na jina la mwanzo lililo halali ndilo lenye haki. Mwaka 2008 Peter Ng, Danièle Guinot na Peter Davie walichapisha orodha ya kaa wote wa dunia: spishi na spishi ndogo 6,793 zilizokubalika, pamoja na majina mengi zaidi yaliyozikwa kama visawe. Majina hayo yaliyozikwa ndiyo unayopaswa kuyaogopa.

Tazama kaa anayeogelea ambaye wavuvi wetu humpata kwenye nyavu, yule ambaye kwa miaka mingi ripoti za uvuvi zilimwita Portunus pelagicus. Mwaka 2010 Joelle Lai, Peter Ng na Peter Davie walionyesha kwamba chini ya jina hilo kulikuwa na spishi nne. Wa upande wetu, pamoja na Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, hakuwa pelagicus. Je, alihitaji jina jipya? Hapana. Peter Forskål alikwisha kumpa jina segnis, lililochapishwa mwaka 1775. Lilikuwa limelala tu. Mtu angekimbilia kumpa jina jingine, jina hilo lingekufa siku ileile.

Kinyume chake ni kaa mkubwa wa mikokoni anayebeba majani ya mchu na kuyazika shimoni. Kwa zaidi ya miaka mia moja tulimwita Neosarmatium meinerti, jina lililotolewa na De Man mwaka 1887. Mwaka 2012 Lapo Ragionieri, Sara Fratini na Christoph Schubart waligawa kundi hilo. Jina meinerti lilibaki kwa kaa wa visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi, na wa pwani ya Afrika, ambaye hakuwa na jina la zamani linalomfaa, akawa Neosarmatium africanum. Kesi mbili, upekuzi uleule, majibu tofauti.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Anza na WoRMS, orodha ya mtandaoni ya viumbe wa baharini duniani: andika majina yote ya jenasi yako, halali na visawe, bila kuacha hata lile linalosemekana kuwa la bahari ya mbali. Kisha tafuta maelezo ya asili ya kila jina. Mengi ya karne ya 19 yamo bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library. Utakutana na Kifaransa cha Alphonse Milne-Edwards, ambaye mwaka 1868 alieleza krasteshia (kaa, kamba na jamaa zao) waliotoka katika safari za Alfred Grandidier Zanzibar na Madagaska. Utakutana na Kijerumani cha Franz Hilgendorf, aliyeeleza krasteshia wa safari za von der Decken Afrika Mashariki mwaka 1869. Usiridhike na muhtasari wa mtu wa baadaye. Soma asili, hata kama utalazimika kutafsiriwa mstari kwa mstari.

Maelezo ya zamani mara nyingi ni mafupi mno, mistari michache isiyomtofautisha kaa na jirani yake. Hapo inabidi kutazama kielelezo chenyewe. Inauma kwamba vielelezo vingi vya asili vya kaa wa mwambao wetu viko Paris, Berlin na London, na mtafiti wa Tanga au Kilifi hana nauli ya kuvifuata. Lakini mlango haujafungwa. Mwandikie mhifadhi wa mkusanyiko wa krasteshia, taja namba ya kielelezo na alama unazotaka kuona, na uombe picha za mgongo, magando na gonopodi, kiungo cha uzazi cha dume nitakachokieleza hapa chini. Barua fupi inayojua inachotaka hujibiwa. Na ukipata nafasi ya kusafiri hata mara moja, itumie makumbusho kabla ya mkutano.

Wakati mwingine kielelezo cha asili hakipo kabisa. Kaa mkubwa wa matope tunayemuuza sokoni, Scylla serrata, aliandikwa na Forskål bila kielelezo kilichodumu. Kwa hiyo mwaka 1998 Clive Keenan, Peter Davie na David Mann walipotenganisha spishi nne za Scylla walilazimika kuteua neotaipu, yaani kielelezo mbadala, kutoka Bahari ya Shamu. Hiyo ni kazi ya mtu anayepitia jenasi nzima. Usiijaribu kama nyongeza ya makala yako ya kwanza.

Gonopodi

Ukiniuliza ni kiungo gani kimoja kinachoamua mashauri mengi ya kaa, nitakwambia gonopodi ya kwanza ya dume, ambayo wataalamu huiandika G1. Mlaze dume chali, kunjua mkia wake taratibu kwa kibanio, na utaona jozi mbili za viungo vyembamba vimelala kwenye mfereji wa kifua. Ndivyo anavyotumia kupandia. Jozi iliyo kubwa, kwa kaa wengi, ndiyo G1. Spishi mbili zinazofanana kwa gamba na kwa gando hutofautiana mara nyingi kwenye ncha ya kiungo hiki: moja imepinda kuelekea nje, nyingine imenyooka, moja ina ncha ndefu ya rangi ya pembe, nyingine fupi na butu.

Tumia G1 ya kushoto, kama ilivyo desturi, ili mchoro wako ulinganishwe na ya wengine bila kugeuzwa. Ichomoe kwenye shina, usiivute kwa ncha. Iweke kwenye kisahani chenye ethanoli au gliserini. Ichore kwanza ikiwa na vinyweleo vyake, upande wa mbele na upande wa nyuma, kisha ondoa vinyweleo vya ncha kwa sindano nyembamba na uchore tena, kwa sababu umbo la kweli la ncha limefichwa ndani ya vinyweleo. Pembe ikibadilika kidogo tu ncha huonekana tofauti, kwa hiyo piga picha au chora kwa mikao kadhaa, na ulinganishe mkao uleule kwa spishi zote. Fanya hivyo kwa madume kadhaa wakubwa. Ukimaliza, G1 iingie kwenye kichupa kidogo chenye lebo yake, na kichupa hicho kiingie ndani ya chupa ya kaa mwenyewe. Gonopodi iliyopotea haina mbadala.

Picha za kisasa ni nzuri, lakini mchoro wa mstari bado unahitajika. Picha huonyesha kila kitu kwa uzito mmoja. Mchoro humwambia msomaji ni kona ipi unayoisemea. Kwa majike, chora matundu ya uzazi kwenye kifua, kwa maana watu wengi huyaruka na baadaye mtu mwenye jike pekee hukosa pa kushika.

DNA

Kwa kaa, sehemu zinazosomwa sana ni jeni mbili za mitokondria: COI, kipande cha besi kama 658, na 16S. Zilinganishe na zilizomo GenBank, hazina ya DNA iliyo wazi mtandaoni, na hakikisha umejumuisha ndugu wa karibu kutoka nchi nyingine, si wa ghuba yako tu. Krasteshia wana nakala bandia za COI zilizohamia kwenye kiini cha seli. Ukiona msimbo una alama za kusimamisha katikati, umesoma nakala hiyo, si jeni yenyewe.

Hakuna asilimia moja ya tofauti inayotosha kutangaza spishi mpya. DNA inapokubaliana na gonopodi, rangi au makazi, shauri limesimama. DNA peke yake, kwa maoni yangu, inakutaka urudi kwenye hadubini na utafute kile ambacho jicho limekosa.

Kuchagua holotaipu

Holotaipu ni kielelezo kimoja tu kinachobeba jina milele. Kwa kaa, chagua dume aliyekomaa, mwenye viungo vyote na G1 iliyokamilika, ambaye una picha yake akiwa hai na msuli wake umesomwa DNA. Wengine wa mkusanyiko uleule unaowataja waziwazi ni parataipu.

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai, kwa jina lolote jipya lililotolewa baada ya 1999, kwamba holotaipu iteuliwe waziwazi na makala itaje mkusanyiko itakamohifadhiwa na mahali ulipo. Kabati la idara au rafu ya nyumbani si mahali pake. Mimi nasimamia holotaipu ibaki kanda yetu, kwa mfano Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mradi tu kuna mtu wa kuongeza ethanoli na kukagua mifuniko kila mwaka. Uliza hilo kabla ya kukabidhi. Parataipu zigawe: nyingine Singapore, nyingine Frankfurt au Paris. Moto ulioteketeza Makumbusho ya Taifa ya Rio de Janeiro Septemba 2018 ulionyesha kwa nini mayai yote hayawekwi kapu moja. Chupa zikisafiri kwa ndege, zifungashwe kwa kufuata masharti ya IATA, chama cha mashirika ya ndege, kuhusu vielelezo vilivyomo kwenye ethanoli kidogo, la sivyo zitazuiwa.

Jina

Jina la spishi linaweza kutoka lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Kama ni kivumishi cha Kilatini, lazima lifuate jinsia ya jenasi: Neosarmatium ni jinsia ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike, ndiyo maana ni africanum, si africanus. Neno lisilo la Kilatini halibadiliki, na samawati, lililotoka Kiswahili kwa ajili ya rangi, limebaki samawati. Ukimuenzi mwanamume mmoja ongeza -i, mwanamke -ae, kundi lenye wanaume -orum, wanawake watupu -arum. Jina la mahali huchukua -ensis, au -ense kwa jinsia ya tatu. Usijipe jina lako, na usitumie jina litakalomuudhi mtu. Kagua kwamba hakuna spishi nyingine ya jenasi hiyo iliyowahi kuitwa hivyo. Natamani kuona majina zaidi ya vijiji, ghuba na wavuvi wetu kwenye orodha hizo.

Jina lisitoke nje kabla ya wakati. Likisambaa kwenye tasnifu, bango la mkutano au ukurasa wa mtandao kabla ya kuchapishwa rasmi, linaweza kuwa jina tupu lisilo na maelezo, na kuzua mkanganyiko. Kwenye tasnifu andika "Parasesarma sp. 1" basi.

Kuandika

Mpangilio unajulikana: familia, jenasi, jina likifuatwa na "sp. nov." (spishi mpya), vielelezo vilivyochunguzwa, utambulisho, maelezo kamili, rangi, asili ya jina, makazi, mtawanyiko, mjadala. Neno "sp. nov." si pambo. Kanuni zinataka useme waziwazi kwamba jina ni jipya.

Utambulisho uwe mfupi, wenye alama zile tu zinazomtenga kaa wako na wengine wote wa jenasi. Maelezo kamili ndiyo marefu, na huandikwa kwa vipande vifupi, kwa mpangilio uleule daima: gamba, macho, vifuniko vya mdomo, magando, miguu, kifua, mkia, gonopodi. Badala ya kuandika "gando lina vinundu vingi", andika vinundu vingapi, viko wapi, vya umbo gani, na vinatofautiana kiasi gani kati ya wakubwa na wadogo. Mjadala ndio moyo. Mtaje kila ndugu wa karibu kwa jina, na useme tofauti moja moja, kwa mchoro na kwa kipimo. Mwishoni weka ufunguo wa utambuzi wa jenasi kwa kanda yetu. Huo ndio ukurasa utakaotumiwa kuliko kurasa nyingine zote.

Kanuni hazilazimishi lugha. Majarida mengi hutaka Kiingereza, lakini omba kuongeza muhtasari wa Kiswahili.

Jarida na ZooBank

Zootaxa, ZooKeys, Raffles Bulletin of Zoology na European Journal of Taxonomy hupokea kazi hizi. Hilo la mwisho halimtozi mwandishi wala msomaji. Jihadhari na majarida yanayochapisha ndani ya siku chache kwa malipo bila mhakiki: jina likitoka vibaya linaweza kuwa halali hivyohivyo, na makosa yake tukayabeba wote.

Tangu 2012 jina linaweza kuchapishwa kwa njia ya elektroniki pekee, kwa sharti kwamba kazi imesajiliwa ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kutoka na ushahidi wa usajili umo ndani yake. Majarida mengi hufanya usajili huo kwa niaba yako. Hata hivyo thibitisha mwenyewe kabla ya siku ya kuchapishwa, pamoja na tahajia ya jina, ambayo ikishatoka haibadilishwi kwa kupenda kwako.

Baada ya kuchapishwa

Angalia kwamba namba za GenBank zimefunguliwa, kwamba vielelezo vimepokelewa na kupewa namba za makumbusho zilezile zilizo kwenye makala, na kwamba WoRMS wameingiza jina. Peleka nakala na picha kubwa ya kaa kwa BMU ya mahali ulipomkuta.

Na usishangae jenasi ikibadilika. Zamani jino dogo kwenye ukingo wa pembeni wa gamba ndilo lililotumika kutenganisha Perisesarma na Parasesarma. Adnan Shahdadi na Christoph Schubart walipopitia kundi zima kwa umbo na DNA, katika kazi iliyotoka 2018, walikuta jino hilo haliaminiki, na spishi nyingi zikahamishwa. Leo kaa wetu huandikwa Parasesarma samawati (Gillikin & Schubart, 2004). Mabano hayo yanamwambia msomaji kwamba waandishi hao ndio waliotoa jina la spishi, ila waliliweka kwenye jenasi nyingine. Siku spishi yako itakapohamishwa, jina lako litaingia kwenye mabano, na holotaipu itabaki kwenye chupa ileile kwa namba ileile.